Mmoja Aende, Mmoja Abaki

Rietkolk
Jumapili, 9 Machi 1997

Dada Elmarie,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba miguu haivimbi tena kwa kusimama wodini. Sisi huku tunapumua. Baba anakusalimu. Hakutamka, ila nilipomwambia nakuandikia alisimama mlangoni kidogo kabla ya kuvaa kofia, nami nikaihesabu kuwa salamu. Mvua bado. Gert na Wynand wamebadilika sauti kwa wakati mmoja, sasa tukikaa kula meza inanguruma kama trekta. Mtoto mchanga ameota jino. Miemie ameweza kuandika herufi M. Yule daktari aliyesema mtoto aliyezaliwa na Down kama yeye hatashika kalamu aje aone, maana M iko kila mahali, hata kwenye mayai. Juzi jirani yetu Oom Attie, mjomba wa kila mtu, alinunua trei moja akauliza hiyo ni alama ya ubora gani. Mama akamjibu, "Ni alama ya Miemie, na bei haipandi."

Shule ni ileile ya jikoni, kama ulivyoiacha. Asubuhi Kiafrikana, mchana Kiingereza, kwa vile vitabu vya mitumba kutoka Marekani ambamo watoto hupanda basi la njano kwenda shule kwenye theluji. Wale pacha wadogo wanaamini kwamba shule ni mahali fulani huko Marekani. Mama anafundisha huku ananyonyesha na kumenya viazi. Mimi nawashika wadogo, nawafua, nawasomesha, halafu natafuta saa ya kusoma mambo yangu, na nikiipata nasinzia.

Sasa jambo lenyewe. Najua unasoma umesimama, na mlango hujaufunga.

Mwezi uliopita nilimwomba Mama mwakani niende shule ya bweni mjini, nimalizie kule miaka yangu miwili ya mwisho. Niliandika kwenye karatasi, maana unanijua, nikianza kusema uso unawaka moto na maneno yanakimbia. Niliandika kwamba nina miaka kumi na sita na sijawahi kukaa karibu na msichana wa umri wangu ila kanisani. Niliandika kwamba nataka mtu asiyekuwa ndugu yangu aniite jina langu. Mama aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya kopo la sukari. Ikakaa pale mpaka nikaanza kuogopa sukari.

Kisha jana, tukiosha vyombo, akasema, "Mmoja aende, mmoja abaki. Wasichana wangu wakubwa ni wawili. Elmarie akirudi Januari, wewe nenda na Mungu akutangulie. Asiporudi, unaona mwenyewe."

Akaionyesha meza kwa kidole chenye sabuni. Nikaona mwenyewe.

Kwa hiyo sikuombi kitu. Nakuarifu tu. Najua unamaliza mafunzo ya uuguzi Desemba, na baada ya hapo mipango yako siijui.

Mdogo wako,
Driekie


Bellville
2 Mei 1997

Driekie, kipenzi changu,

Usinune, nimechelewa. Zamu za usiku zinanifanya nisijue leo ni lini. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Mwambie asimbebe Miemie, ana miguu yake. Nimeweka soksi za Baba kwenye bahasha kubwa, zile za sufu anazozipenda. Hapa mvua inanyesha mpaka watu wanailaani, nikiwasikia nataka kuwapiga makofi.

Nina mgonjwa mmoja mzee, mfugaji kutoka upande wa kwetu. Haongei na wauguzi wengine. Mimi nikiingia tu ananiuliza, "Kondoo wamekunywa?" Namwambia, "Wamekunywa, Oom." Analala.

Habari yako nimeisoma. Nitaifikiria vizuri nikipata usingizi.

Lakini umewataja wote mpaka mayai, na Fransie hukumtaja hata kwa neno. Ana nini?

Wako,
Elmarie


Rietkolk
Jumapili, 18 Mei 1997

Dada Elmarie,

Soksi zimefika. Baba alizivaa palepale, akatembea nazo jikoni huku na huku kama mtu anayejaribu viatu vya arusi. Mgongo wa Mama ni uleule, na Miemie bado anabebwa. Theluthi ya kondoo tumeipeleka malisho ya kukodi. Pacha wanakohoa.

Fransie sikumtaja makusudi. Niliogopa kalamu itaropoka.

Unajua alivyo. Ana miaka tisa, na maneno aliyowahi kutuambia usoni hayajazi kijiko. Mama anamwonyesha zile kadi za herufi kila siku, naye anatazama pembeni kana kwamba kadi zimemtukana. Ile shule maalumu ya mbali Mama alikwenda kuiona, ukiwa bado hapa, akarudi naye kwenye gari akisema hakuna mtoto wake atakayelala chini ya paa la mgeni, kwamba yeye mwenyewe alilala bwenini tangu miaka sita na anajua mto wa bweni unavyonuka. Hayo unayajua.

Usiyoyajua ni haya. Februari nilikwenda ile nyumba tupu ya Babu kuchukua mitungi ya jamu. Ile simu ya kule bado iko kwenye laini ya mashamba, ule waya mmoja wa majirani wote. Niliona uvivu kurudi kumuuliza Mama anataka mitungi mingapi, nikazungusha mpini: miwili mirefu, mmoja mfupi, mlio wetu. Simu ya ofisini kwa Baba ikapokewa. Sauti nisiyoijua ikasema:

"Rietkolk hapa. Nani anaongea?"

"Ni... ni Driekie."

"Mama yuko kwenye kuku. Subiri, usikate."

Elmarie, nilikaa chini sakafuni, kwenye mavi ya panya. Ilikuwa sauti ya Fransie. Nilikuwa sijawahi kuisikia ikitoka mfululizo hivyo, na ilitoka kwa puani, sawasawa na opereta wa mjini.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Mama akidhani naifagia nyumba ya Babu, nampigia. Mama mwenyewe humwacha ofisini saa ile ili atulie, anajua anapenda kushika mkono wa simu, anadhani anasikiliza waya unavyovuma. Kumbe anasoma! Kadi zote za Mama alikuwa amezishika kichwani, alichokosa ni mtu asiye na uso. Tumemaliza kitabu cha kwanza cha basi la njano, tumeingia cha pili. Akichoka anasema kwa ile sauti ya opereta, "Dakika tatu zimekwisha, mnaendelea?" Nikijibu tunaendelea, anakata.

Tatizo ni betri. Simu ya Babu imezeeka. Siku nyingine sauti yake inafifia kama mdudu ndani ya kopo. Nimemwibia Baba betri mpya, nikabadilisha, haikusaidia kitu. Basi namwambia, "Fransie, soma kwa nguvu!" Naye anasoma kwa nguvu.

Mama sijamwambia. Hapa ndipo kalamu inaponiwia nzito. Akijua kwamba mtoto anasema na mimi tu, sitatoka Rietkolk mpaka niote mvi. Kila asubuhi namsikia ndugu yangu anasoma, nafurahi, na wakati huohuo naficha, kama mtu anayekula nyama peke yake nyuma ya zizi. Mama ameisubiri sauti ile miaka tisa, nami namnyima kwa sababu nataka kukaa kwenye dawati.

Choma barua hii. Na unijibu lile jingine.

Driekie


Rietkolk
Jumapili, 29 Juni 1997

Dada Elmarie,

Hujajibu, nami siwezi kungoja. Baridi imefika, mifereji inaganda asubuhi, mtoto anatambaa, Baba hajambo. Salamu zimekwisha.

Mama amejua. Na hakujua kwangu.

Wikendi iliyopita ilikuwa ya Meza ya Bwana, tukaenda mjini sote kama kawaida, na mablanketi na sufuria. Baada ya ibada watu walisimama nje ya kanisa wanakunywa kahawa. Akaja Tannie Bybie, yule mjane wa shamba la Vaalkop, shangazi wa wilaya nzima, akamshika Mama mikono yote miwili.

"Magrieta, mtoto wako anasoma jamani! Juzi nililia pale basi lilipokwama kwenye theluji."

"Mtoto yupi?" Mama akauliza.

"Fransie, nani mwingine?"

Kabla sijapata pa kujificha, Oom Attie naye akasogea na kikombe chake. "Mwanzoni nilikasirika mimi. Nataka daktari wa mifugo, ng'ombe anakufa, laini imekaliwa na basi la njano! Sasa kahawa haishuki bila hilo basi. Ila wewe Driekie, punguza kumkatiza mwenzio. Kila mara 'kwa nguvu, kwa nguvu'. Mwache asome!"

Watu wakacheka. Mchungaji alicheka. Hata mchungaji, Elmarie! Ana simu yake mwenyewe ya mjini, kwa hiyo amehadithiwa.

Betri hazikuwa na kosa. Kila mkono wa simu unaonyanyuliwa kwenye laini unakula sauti kidogo, na kila asubuhi laini nzima ilikuwa imenyanyua. Mimi, niliyezaliwa kwenye laini hiyo, niliyefundishwa tangu sijui kutembea kwamba kwenye simu ya mashamba hata bei ya kondoo haitajwi, nilidhani ni betri.

Tulipofika nyumbani Mama hakuvua hata koti. "Nenda nyumba ya Babu," akaniambia. "Piga."

Nikaenda, nikapiga. Fransie akapokea, nikamwomba asome. Akasoma ukurasa mzima. Alipomaliza nikasikia mkono unahama, na Mama akaniongelea kwenye simu hiyohiyo, na kati yetu ni uwanja tu wa kuku.

"Tangu lini?"

"Tangu Februari, Mama."

"Februari."

Nilisikia pumzi, na hazikuwa zake peke yake. Laini yote ilikuwa inapumua.

"Mama atanisamehe?"

"Nimemsikia mtoto wangu, Driekie. Hayo mengine nitayafikiria kesho."

Kesho yake alikuwa mpole kuliko siku zote, na ndiyo iliyoniumiza. Tukikausha vyombo akasema, "Sasa unaona huwezi kwenda. Anasema na wewe." Hakuwa na hasira hata chembe. Alisema kama mtu anayetaja mvua ambayo haijanyesha.

Ukirudi wewe angalau atajaribu. Labda Fransie atakuzoea kwenye simu. Labda. Sema kitu, Dada.

Driekie


Bellville
3 Agosti 1997

Driekie mpenzi,

Habari ya Fransie niliisoma bafuni ili wenzangu wasinione. Nimefurahi sana, zaidi ya ninavyoweza kuandika. Yule mzee wangu wa kondoo alifariki Alhamisi, tumebaki na kitanda kitupu.

Mitihani ya vitendo inaanza wiki hii. Nimewawekea peremende, za mnanaa ni za Baba. Uliloniuliza sijalisahau.

Elmarie


Rietkolk
17 Agosti 1997

Elmarie,

Hujalisahau, ila hujalijibu. Leo sisalimii.

Januari utarudi au hurudi? Andika ndiyo au hapana kwenye kadi ya posta. Tarishi akisoma na asome, wilaya hii imeshajua mengine yote.

D.


Bellville
5 Oktoba 1997

Driekie,

Hapana. Sirudi.

Nimeandika hilo kwanza ili usilitafute mpaka mwisho. Sasa kama bado unasoma, nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu.

Krismasi ile ya kwanza nilipokuja likizo, unakumbuka nililala mpaka mchana, mkacheka. Nilipoamka niliingia jikoni kutafuta kahawa. Mama alikuwa nje. Ukutani kulikuwa na ratiba mpya ya Januari, kwa mwandiko wake mzuri wa kalamu nyekundu, na jina langu lilikuwa ndani yake. Jumatatu hesabu, Elmarie. Jumanne Miemie, Elmarie. Hakuwa ameniuliza. Nadhani hata hakufikiri kwamba kuna cha kuuliza. Kwake ilikuwa kama kuniwekea sahani mezani.

Siku ya pili nikasema nimeitwa kazini. Sikuwa nimeitwa. Baba alinipeleka kituoni na hakuniuliza kitu, na aliponishusha alisema, "Nenda, mwanangu." Tangu hapo sijaja. Kila likizo nafunga begi, halafu naiona ile kalamu nyekundu, nalifungua begi.

Si kwamba siwapendi. Nikiingia mlango ule najua nitabaki, kwa sababu nikiwaona wote sitaweza kusema hapana. Hapa mbali naweza. Wewe una nguvu kuliko mimi, wewe unasema hapana ukiwa ndani. Najua kwamba uhuru wangu unaulipa wewe. Nimelijua siku zote, ndiyo maana barua zangu ni fupi.

Nikasirikie. Una haki.

Elmarie


Rietkolk
Jumapili, 16 Novemba 1997

Dada Elmarie,

Hatujambo, ingawa nyumba nzima tunafanana na maboga. Pacha walileta matubwitubwi kutoka shule ya Jumapili, wakatugawia wote isipokuwa Fransie, ambaye hapendi kuguswa, na safari hii ilimfaa. Mvua ilinyesha, si nyingi, lakini Baba alisimama nje bila kofia mpaka ikakatika.

Barua yako ilikaa kwenye mfuko wa aproni yangu. Kwanza sikujibu kwa sababu ya hasira. Nilikuita majina kwenye kisima, kwa sauti, kondoo wakanitazama. Halafu hasira ikapungua. Nilijisemea tu: basi, ni mimi niliyebaki. Nikakiweka kile kitabu cha maelezo ya shule ya bweni chini ya godoro, kisha nikakitoa, nikakipeleka jikoni kikawashie moto.

Halafu nikavimba. Mashavu, shingo, siwezi kumeza mate, sembuse kusema. Nimelala, mara saa ya somo ikafika na simu ikalia ofisini: miwili mirefu, mmoja mfupi. Nikajua si mimi. Mama alitoka jikoni anakimbia, lakini Fransie alikuwa ameshapokea. Kwa hiyo Mama akasimama mlangoni pale, na yaliyofuata nimeyasikia kwake, naye ya upande wa pili aliambiwa baadaye.

"Fransie, ni Tannie Bybie. Nasikia dada yako amevimba kichwa. Tulifikia wapi? Yule mwanamke si alikuwa anamtafuta paka wake?"

Mama anasema alikuwa anasali, na sala yenyewe ilikuwa neno moja tu, tafadhali, tafadhali.

"Ukurasa wa arobaini na mbili," Fransie akasema. "Tannie anyamaze."

Akasoma, Elmarie. Akamsomea Tannie Bybie mpaka paka akapatikana. Siku ya pili tena, na ya tatu akamruhusu amuulize maswali. Oom Attie naye alijaribu bahati yake, akapiga na kujitambulisha vizuri, Fransie akamwambia palepale, "Dakika tatu zimekwisha," akakata. Oom Attie analalamika kila mahali kwamba amedhulumiwa.

Tannie Bybie alimwambia Mama kwamba tangu mumewe afariki, kuna juma anamaliza bila kusema neno mpaka Jumapili kwenye wimbo wa kwanza. Kwamba asubuhi hizo ni zake sasa, na Mama asimnyang'anye. Na kuhusu Miemie, gari lake bado linatembea. Atakuja Jumanne na Alhamisi, akae naye mezani.

Mama alikuja akakaa kitandani kwangu. Alinitazama mashavu, akanivuta blanketi.

"Nilidhani anasema na wewe," akasema. "Kumbe anasema na simu."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nenda shule, Driekie. Usingoje mtu."

Nililia. Mama akauliza kulikoni, nikaonyesha mashavu, kwamba yanauma. Kwako sitadanganya. Mwaka mzima nilikuwa nataka wasinihitaji. Nilipokipata nilichokitaka kilikuwa baridi mkononi, nikakishika hivyohivyo.

Njoo Krismasi. Nimeangalia ukuta. Hakuna jina lako, wala langu.

Driekie


Bweni la Wasichana
Ijumaa, 13 Februari 1998

Dada Elmarie,

Natumaini hujambo. Krismasi tulikungoja, ila tulielewa, zamu ni zamu. Mimi ni mzima. Nimepewa kitanda karibu na dirisha, na kabati lenye ufunguo. Sijawahi kuwa na kitu chenye ufunguo, kwa hiyo nalifunga hata likiwa tupu.

Masomo si magumu. Kiingereza changu kinawachekesha, wanasema naongea kama kitabu, na hesabu zao Mama alinifundisha zamani. Nisichokijua ni vitu ambavyo hakuna anayevifundisha: kwamba lazima uinue mkono ndipo useme, kwamba ukikaa kwenye kiti kitupu kumbe si kitupu, kina mwenyewe aliyekwenda chooni. Hapa kuna binti mmoja kutoka kwenye laini yetu ya simu, amewahadithia wenzake kila kitu, basi naitwa Basi la Njano. "Basi la Njano, tupishe!" "Basi la Njano, kuna theluji huko kwenu?" Hawana ubaya. Nilitaka mtu asiyekuwa ndugu yangu aniite jina, na nimepata jina.

Mabweni yana kelele kuliko jikoni kwetu, na sijapata kuwa peke yangu namna hii. Nikiwa nyumbani nilikuwa mpweke, lakini kulikuwa na mtu wa kumfunga viatu.

Leo imeanza wikendi ya kwanza ya kwenda nyumbani. Mkwe wa Oom Attie alikuja na gari kumchukua yule binti na mimi. Juzi nilimpigia Mama simu. Nilimwambia gari limejaa.

Halikujaa. Kiti cha nyuma kilikuwa chote kitupu. Nilisimama dirishani nikalitazama linavyotoka getini.

Nikiingia jikoni nitakuta wanaendelea bila mimi, au nitakuta hawawezi. Sijui ninaogopa lipi zaidi. Nimekuandikia wewe kwa sababu nadhani ni wewe tu utakayeelewa. Zamani nilikulaani pale kisimani. Nafuta.

Bweni leo ni tupu. Nimekula chakula cha jioni na matroni.

Mdogo wako,
Driekie


Rietkolk
Jumapili, 15 Februari 1998

Driekie, kipenzi changu,

Usishangae jina la mahali hapo juu. Nipo nyumbani.

Nilikuja kwa ajili yako. Nilisikia wikendi hii mnaachiwa, nikabadilishana zamu, sikumwambia mtu isipokuwa Baba ili aje kunichukua kituoni. Nilitaka uingie jikoni unikute nimekaa. Ijumaa nilikaa tangu mchana, hata Mama aliponiambia umesema gari limejaa. Gari la kina Attie lilipopita kuchukua maziwa nilijificha nyuma ya mlango kama mtoto, nikasikia mlango mmoja wa gari, sauti ya yule binti aliyetoka bwenini kwenu ikisema asante kwa maziwa, na gari likaondoka.

Wote hawajambo. Miemie ananiita "Nesi". Ameandika jina lake zima kwenye boga. Fransie hakunitazama, lakini leo asubuhi nilivuka uwanja nikaenda nyumba ya Babu, nikapiga. Alipokea. Nikasema, "Ni Elmarie." Akafikiri sana, kisha akauliza, "Elmarie wa wapi?" Nikamwambia wa Rietkolk. Akasema, "Subiri, usikate," akaniacha hapo, hakurudi. Nilisubiri nusu saa, Driekie, nimeshika mkono wa simu, na Tannie Bybie kwenye laini ananiambia, "Vumilia mwanangu, mimi pia alinianza hivyo."

Mama hakuniuliza nitakaa mpaka lini. Aliniuliza kama nimekula. Ijumaa usiku aliweka sahani yako mezani, na tulipokwisha kula akaiondoa safi, akaiosha na nyingine.

Anajua gari halikujaa. Yule binti alisema mlangoni kwamba njia nzima alijinyoosha kwenye kiti cha nyuma. Leo baada ya ibada Mama alinikuta naandika, akasimama nyuma yangu.

"Mwandikie kwamba wikendi nyingine ya kuja nyumbani, Baba mwenyewe anaweza kumfuata," akasema. "Na asipotaka hiyo, ile ya baadaye."

Nikaanza kuandika. Akaniwekea mkono begani.

"Hapana, usimwandikie hilo. Mwandikie tu kwamba hatujambo."

Basi, mdogo wangu. Hatujambo.

Elmarie